Ndege Aliyeoshwa kwa Sabuni ya Mawese

Chwa, chwa, chwa. Niliisikia sauti hiyo kabla jogoo hajawika. Ilikuwa sauti ya brashi ikisugua kitambaa. Nikajua kwamba mjukuu wangu Ange ameshaamka, amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, anafua shati lake la shule.

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya mwezi wa nne. Mtu asiyekijua kijiji chetu cha Makere, hapa Kasulu, anaweza kuuliza kwa nini mtoto afue gizani siku isiyo ya shule. Sisi tunajua. Wakati wa masika mvua huja saa nane mchana kama aliyeahidiwa chakula, na nguo isiyopata jua la kwanza haikauki. Tena udongo wetu ni mwekundu. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na vyote viwili hupanda juu ya kila kitu: mashati, kuta, hata miguu ya kuku. Nina mbuzi mmoja niliyemnunua akiwa mweupe. Siku hizi wageni huniambia, "Bibi Maximilla, huyo mbuzi wako mwekundu ni mzuri."

"Mwakeye, Bibi," Ange alinisalimia kwa Kirundi nilipotoka.

"Mwakeye, mwuzukuru. Tope limetoka?"

"Kola bado. Niazime sabuni yako."

Sabuni yangu ni ile ya mawese inayopikwa huku kwetu Kigoma. Haina harufu nzuri, lakini sijaona tope linaloishinda. Nikampa kipande, na kola ikatakata.

Ange ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Anakaa na mimi kwa sababu mama yake anauza maharage katika soko la Kibondo, na huja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa kumi mwaka jana, mwalimu wao wa sayansi alimwambia kila mwanafunzi achague kiumbe mmoja, amtazame mpaka mwezi wa sita, na aandike kwenye daftari anachokiona. Lukmani, mwanafunzi mwenzake, alichagua bata wa bibi yake. Alisema bata ni mvivu, hatamkimbiza. Ange alichagua ndege wa mashimo ya tofali.

Bondeni chini ya shamba letu watu huchimba udongo wa kufyatulia tofali wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, mashimo yanajaa maji na ndege huja kutafuta wadudu matopeni. Ndege aliowachagua Ange ni wadogo kuliko njiwa. Wana miguu mirefu myeusi, na mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, kama sindano ya kushonea magunia. Mwezi ule wa kumi walikuwa wa kijivu mgongoni na weupe tumboni. Ange aliwahesabu: kumi na wanne. Mwezi wa kumi na mbili, kumi na wanne. Mwezi wa pili, kumi na wanne. Wote wa kijivu.

Mwezi wa nne ulipoanza, mambo yakavurugika. Wiki ya kwanza Ange aliona tisa wa kijivu na watano wekundu. Wiki ya pili aliona watatu tu wa kijivu, na wekundu walikuwa kumi na mmoja. Wekundu kweli, kichwani na kifuani, kama tofali lililochomwa likaiva.

"Bibi, wale wa kijivu wamekwenda wapi?" aliniuliza akiwa ameshika penseli.

"Sijui."

"Na hawa wekundu wametoka wapi?"

"Hilo nalo sijui."

Alijumlisha mara mbili. Jumla ilikuwa ileile, kumi na nne. Mimi nikamtazama mbuzi wangu mwekundu aliyefungwa karibu na mgomba, nikasema, "Labda ni walewale. Wamechafuka tope tu."

Niliyatamka maneno hayo bila kuyafikiria, huku nachambua maharage. Ange akayaandika: "Ndege wekundu ni wale wa kijivu. Wamechafuka." Siku iliyofuata aliyasoma darasani.

Lukmani akasimama. "Wamejipaka tope kifuani tu, kama vile wana kioo? Hao ni ndege wengine. Wageni wekundu wamekuja, wamewafukuza wenyeji."

"Ni walewale! Hesabu haijabadilika!"

"Basi wewe dobi, mkamate mmoja umfue tuone!"

Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo wakamwita Dobi wa Ndege. Ange aliponisimulia, nilimwambia avumilie, jina la utani huchakaa kama kandambili. Yale ya wageni kuwafukuza wenyeji sikuyapenda. Mimi nililetwa Makere mwaka 1972, mchanga, mgongoni mwa mama yangu, tukitokea Burundi, na sikumbuki tumemfukuza mtu. Nakumbuka tu kuambiwa kwamba mwanamke mmoja alitupatia nusu ya ghala lake tulale. Lakini Lukmani ni mtoto, na hakuwa na nia mbaya. Kusema kweli hata mimi sikujua nani kati yao alikuwa amepatia.

Basi, Jumamosi ile, shati likiwa limeshaanikwa, Ange alishuka bondeni kufunua kitalu chetu cha kabichi. Huwa tunakifunika kwa chandarua kikuukuu ili kuku wasichakure miche. Hazikupita dakika kumi nikamwona anapanda kilima mbio, sweta lake amelikumbatia kifuani.

"Bibi! Nimempata! Alinasa kwenye chandarua!"

Ndani ya sweta alikuwamo mmoja wa wale ndege, na nyuzi za chandarua zimemviringa bawa na mguu. Nilichukua wembe nikazikata uzi mmoja mmoja. Ange alimfunika ndege macho kwa kiganja, taratibu, ili asiuone wembe. Sikumfundisha kufanya hivyo. Ndege alimdonoa kidole kwa nguvu, naye akacheka.

Tulipomaliza, tukamtazama. Kichwa na kifua vilikuwa vyekundu, na ncha za manyoya zina weupe mdogomdogo. Begani alikuwa na baka la kijivu, na mabawani pia. Miguu na tumbo vilikuwa na tope.

"Bibi," Ange alisema kwa sauti ya chini, "tumwoshe."

Nilipaswa kusema, mwachie aende zake. Sikusema. Mimi ndiye niliyesema kwamba ni tope, na mimi pia nilitaka kujua. Tena nilidhani tunamfanyia wema. Nani anapenda kukaa na tope kifuani?

Tulitia maji kwenye beseni. Nikamshika ndege, Ange akapaka sabuni kwenye kitambaa na kuanza kumsugua polepole. Mara maji yakawa mekundu.

"Linatoka! Bibi, linatoka!"

"Naona, mwanangu."

Tukabadilisha maji. Ange akaligusa lile baka la kijivu la begani. "Ona hapa, pameshatakata kabisa! Ni rangi yake ya zamani. Bado huku pembeni." Akasugua pembeni. Nikamwongezea sabuni. Kila tulipoona unyoya wa kijivu tulifurahi, kama mtu anayesugua sufuria na kuanza kuona inang'aa.

Maji ya tatu hayakubadilika rangi. Yalibaki safi na povu lake. Na ndege alikuwa bado mwekundu.

Ange alinitazama. "Bibi, mbona maji ni safi na yeye bado ni mwekundu?"

Ndipo nilipogundua kwamba ndege amelegea mkononi mwangu na hadonoi tena.

Tulimweka ndani ya kapu karibu na jiko, juu ya kanga kavu. Tulidhani akikauka atachangamka. Hakukauka. Manyoya yaligandana mafungumafungu hadi ngozi ikaonekana, na mwili wote ulitetemeka. Ange alimletea funza kwa ncha ya kijiti, akakataa. Alijaribu kusimama, akaanguka ubavu. Ilipofika saa sita Ange alikuwa akilia bila sauti, machozi yanashuka tu.

"Twende kwa Bi Zaitun," nilisema.

Bi Zaitun ana duka pale senta. Anauza chumvi, sukari, sabuni na dawa za kuku. Kwao ni Pangani, pwani, na aliletwa huku na mumewe zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Mwaka nilipougua homa aliniletea uji siku saba mfululizo, na hata leo ukimkumbusha anasema, "Uji gani huo?" Lukmani ni mjukuu wake.

Tulipofika, tulimkuta Khatibu, afisa mifugo, amekaa barazani pa duka na kiboksi chake cha chanjo. Wanawake watatu walikuwa wakisubiri na kuku wao kwapani. Lukmani alikuwa ndani akipima chumvi.

"Shikamoo, Bibi Maximilla," Khatibu alisema, kisha akaliona kapu. "Mna nini humo?"

"Ndege," nilisema. "Ameishiwa nguvu."

Khatibu aliruka kutoka kitini. "Msimsogeze karibu na kuku! Kuku wanakufa kule Titye, nanyi mnaleta ndege wa mwitu aliyelegea? Hebu nimwone kwa mbali." Alichungulia, uso ukabadilika. "Hana jeraha. Mmemkuta wapi? Mlimkuta akiwa hivi hivi?"

Kabla Ange hajajibu, Lukmani alitoa kichwa dirishani. "Dobi! Leo umeleta mteja?"

Wale wanawake walicheka. Ange aliinamisha kichwa. Niliona kidole chake, kile kilichodonolewa, kinavuta uzi wa sweta.

"Nilimkuta bondeni," alisema. "Nilimkuta hivi hivi. Amelowa, hawezi kuruka."

Nilifungua mdomo. Wale wanawake watatu nasali nao kanisa moja. Nikawaza watakavyosimulia: Bibi Maximilla, na mvi zake, anamfua ndege wa porini kwa sabuni. Nikaufunga mdomo. Shingoni mwa ndege kulikuwa na povu dogo lililokauka, nami nililiona, nikanyamaza.

Khatibu alivuta pumzi. "Basi poleni. Ndege wa mwitu anayelegea bila sababu, wakati huu wa ugonjwa, hatuwezi kumwacha hai. Nitamuua bila kumtesa, tumchome, tumfukie. Na kuku wako, Bibi, leo hii tutawafungia ndani. Wakionyesha dalili, nao watafuata njia hiyohiyo."

Alianza kuvaa glavu. Ange alilivutia kapu kifuani.

Bi Zaitun akatoka dukani, anajifuta mikono kwa ncha ya mtandio. Aliinama juu ya kapu, akamtazama ndege mdomo na miguu.

"Ngoja kwanza, Khatibu, mwanangu," alisema. "Huyu ninamjua. Ni chamchanga. Yallah, chamchanga Makere!"

"Unamjua wapi, Bibi?" Lukmani aliuliza.

"Baba yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Yale maji ya kina kifupi yalijaa hawa, hawahesabiki. Wakija, huja wa kijivu. Masika ikikolea wanaanza kubadilika, leo unyoya mmoja, kesho mwingine, mpaka wanakuwa wekundu kama unavyomwona. Baba alikuwa akisema, chamchanga wakivaa nyekundu, hesabu siku. Asubuhi moja unaamka, hayupo hata mmoja."

Ange alimkodolea macho. "Kwa hiyo hili si tope?"

"Tope! Mwanangu, haya ni manyoya yake. Yameota mapya."

"Na hapa begani? Hapa pa kijivu?"

"Hapo bado hajabadilisha. Hilo ni la zamani, litadondoka."

"Basi wekundu si wageni," Lukmani alisema polepole.

"Na hawajachafuka," Ange alisema. Alionekana kama mtu aliyezungushwa na kuachiwa ghafla. "Lakini, Bi Zaitun, kama huyu ndiye yule wa kijivu, wa kijivu amekwenda wapi?"

"Hajaenda popote. Wewe una shati la shule na gauni la Pasaka. Kwani kuna Ange wawili?"

Ange hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono yake.

Khatibu alikuwa mpole, lakini kazi yake aliijua. "Bi Zaitun, nimefurahi kumjua jina. Lakini jina haliondoi ugonjwa. Bado ni ndege aliyelegea bila sababu." Akavaa glavu ya pili, akanyoosha mkono. "Nipe kapu, binti."

Ange alirudi nyuma hatua moja.

"Sababu ipo," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana, Khatibu akainamisha sikio. "Hakuwa hivi. Alikuwa mzima, alinidonoa, ona hapa. Mimi ndiye niliyemwosha. Kwa sabuni. Mara tatu. Nilitaka awe wa kijivu ili… ili wasiniite Dobi. Na sasa ndio dobi kweli."

Nilimtazama Lukmani. Hakucheka. Alikuwa ameshika kipimo cha chumvi na chumvi inamwagika.

Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa amesema, na mimi mwenye wajukuu nilikuwa bado nimenyamaza. Nikasimama karibu naye.

"Tulimwosha," nilisema. "Sabuni ni yangu, na aliyemshika ni mimi. Hata hilo neno la tope lilitoka kinywani mwangu. Mtoto aliposema uongo nilisikia, nikanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Nisamehe, Khatibu. Nisamehe na wewe, Ange."

Khatibu alimwinua ndege kwa mikono miwili, akamsogeza puani, akanusa. "Mawese!" alisema. Mwanamke mmoja alitaka kucheka, mwenzake akamfinya.

"Sasa mmenipa kitu cha kufanyia kazi," Khatibu aliendelea. "Ndege wa maji ana mafuta kwenye manyoya. Ndiyo yanayozuia maji yasiingie. Sabuni imeyaondoa, na sabuni yenyewe imebaki ndani. Maji yanapenya mpaka kwenye ngozi, na baridi inamuua."

"Kama bata!" Lukmani alidakia. "Niliandika mwezi wa pili. Bata ana mafuta hapa juu ya mkia. Anayachukua kwa mdomo, anajipaka mwili mzima. Nilimmwagia kikombe cha maji, maji yakateleza yote. Akanifukuza mpaka chooni."

Hapo ndipo sote tulipocheka, hata Ange, machozi yakiwa bado mashavuni.

Khatibu alitoa masharti. Tumsuuze ndege kwa maji safi ya uvuguvugu mpaka sabuni iishe kabisa. Akae mahali pa joto, mbali na kuku, hadi Jumanne. Asiguswe na mtu mwingine, nasi tunawe mikono kila mara. "Nitakuja mwenyewe kumwangalia. Akiwa mzima, ataondoka. Akilegea tena, mnanijua. Sitasita."

Bi Zaitun alifunga duka saa saba mchana, siku ya Jumamosi, wakati wateja ndio wanakuja. Alimimina maji ya moto ya chai yake yote kutoka kwenye chupa, akachanganya na ya baridi, akapima joto kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga. Tulimsuuza ndege beseni baada ya beseni. Lukmani aliteka maji kisimani bila kuombwa. Nilihesabu safari zake: sita.

Usiku ule ndege alilala kwenye kapu juu ya kanga ya Bi Zaitun. Jumapili asubuhi alikuwa amekauka, amefura kama mpira wa soksi, na alikula funza watatu. Lukmani alikuwa amewachimba kwenye matope ya mashimo, akawaleta ndani ya kopo la maziwa. Alisimama mlangoni, kopo amelinyoosha mbele.

"Hawa ni kwa ajili ya mteja," alisema hatimaye.

"Karibu ndani," Ange alimjibu.

Jumatatu ndege alianza kujichana. Aligeuza shingo, akapeleka mdomo juu ya mkia, kisha akaupitisha kwenye kila unyoya, mmoja baada ya mwingine, kwa uvumilivu mkubwa. Ange aliandika yote. Lakini alipofika kwenye ukurasa wa zamani, ule wenye maneno "wamechafuka", aliushika ili auchane.

"Usiuchane," nilimwambia. "Piga mstari mmoja, maneno yasomeke. Chini yake andika ulichojifunza na tarehe."

"Watu wataona nilikosea, Bibi."

"Wataona pia siku uliyojua."

Akachukua rula.

Jioni ya Jumanne Khatibu alikuja kwa pikipiki. Alimkagua ndege macho, mdomo, miguu na chini ya mkia. Kisha akakata jani la gimbi pale kando ya jiko, akadondosha matone ya maji juu yake, yakabingirika yakaanguka. Akadondosha matone mengine mgongoni mwa ndege. Yakabingirika vilevile.

"Amepona," alisema. "Twendeni tumwachie."

Bi Zaitun alikuwa amekuja pia, na mwavuli wake. Alishuka bondeni kwa shida maana njia inateleza, Lukmani amemshika mkono. Tulipofika ukingoni mwa mashimo alisimama ghafla. Ndege kumi na watatu walikuwa wakitembea kwenye maji, wote wekundu, wakichoma matope kwa midomo yao. Bi Zaitun aliweka kiganja kifuani.

"Miaka thelathini na miwili nimekaa pale dukani," alisema, "na wao wanapita hapa nyuma. Hakuna aliyeniambia."

Ange alichuchumaa, akafungua mikono. Ndege alisimama, akajitikisa, akatazama huku na huku. Halafu akaruka. Tuliona weupe kiunoni mwake alipokunjua mabawa, kisha akatua katikati ya wenzake na kuanza kula kana kwamba hakuwahi kujua beseni ni nini.

"Kumi na wanne," Ange alisema.

Tulibaki pale mpaka mawingu yakaanza kukusanyika. Lukmani aliuliza watakwenda wapi, na Khatibu akamwambia wanakwenda kaskazini kabisa mwa dunia, katika nchi ambayo wakati huo wa mwaka jua halitui, wakatage mayai yao huko. Watoto walimtazama kama anayewatania.

"Ni kweli," alisema. "Na kuna jambo jingine la kweli, nalo ni kubwa zaidi kwenu. Mimi nikiletewa mnyama, yeye hawezi kuniambia kinachomuuma. Namtegemea aliyemleta. Akinipa uongo, ninautibu uongo. Jumamosi mikono yangu ilikuwa tayari kumuua ndege asiye na ugonjwa, na kosa lisingekuwa la ndege. Ange, kusema ulichokisema mbele ya watu waliokwisha kukucheka ni kazi ngumu. Ndiyo iliyomponya. Maji ya Bi Zaitun yalifuata baadaye."

"Na mimi nina langu," nilisema, kwa kuwa sikutaka watoto wadhani kosa lilikuwa uongo peke yake. "Tulimwosha kwa kumpenda. Mtu anaweza kuumiza kwa nia njema kabisa. Ukitaka kumsaidia mtu, au hata ndege, muulize kwanza anayemjua. Mimi nilikuwa na jirani anayemjua chamchanga tangu utoto, nikaenda kumuuliza mbuzi wangu."

Lukmani aliangua kicheko. Ange alimsukuma bega, kisha naye akashindwa kujizuia.

Alhamisi asubuhi, kabla ya shule, Ange alishuka bondeni na daftari. Alirudi akitembea taratibu. Alikuwa ameandika: "Sifuri." Hakulia. Alipitia dukani kwa Bi Zaitun kumrudishia kanga yake, niliyoifua na kuipiga pasi, nami nilifuatana naye kununua chumvi.

"Wameondoka," Ange alimwambia.

Bi Zaitun aliichukua kanga, akaishika mapajani bila kuikunjua. "Wamewahi," alisema. "Na wa kwetu yumo."

"Watarudi mwezi wa kumi?"

"Mwezi wa tisa, wa kumi. Watarudi wamechoka, na wekundu umefifia, wengine nusu kwa nusu. Usichanganyikiwe tena."

"Sitachanganyikiwa. Nitakuja kukuita."

Bi Zaitun alituangalia mimi na yeye, kisha akaitazama barabara ya Kibondo, upande wa kaskazini walikoelekea ndege, na ile kanga bado iko mapajani.

"Uje uniite," alisema. "Lakini mwezi wa kumi ni mbali, mwanangu. Jumamosi hii mnafanya nini? Njooni tena, wewe na bibi yako. Njooni hata kama kapu ni tupu."